Kizuri Chajiuza, Sharti Kionekane: Misingi ya Kuiwezesha Tovuti Kupatikana Mtandaoni

Mada kwa wakazi wa Kata ya Terrat wenye tovuti za biashara, vikundi na taasisi



Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Usemi huo ulizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi hupita kwa miguu, huuona mkungu wa ndizi kwa macho yake na kuubonyeza kwa kidole. Katika soko la intaneti mnunuzi hapiti mbele ya meza ya mtu. Huandika maneno machache katika simujanja, na papo hapo huletewa orodha ya majibu. Bidhaa iliyo njema kupita zote, ikiwa haimo katika orodha hiyo, kwake ni kama haijapata kuwepo.

Mkazi anayefungua nyumba ya wageni, fundi wa madirisha ya aluminiamu, mfugaji wa kuku chotara na kikundi cha kinamama wa shanga, wote hao wakiamua kuwa na tovuti hulipa fedha halali. Humlipa fundi wa kuitengeneza, kisha kila mwaka hulipia jina na seva. Tovuti hiyo isipoonekana, fedha hizo zimefukiwa ardhini. Mteja atafika kwa mkono wa dalali, na dalali atachukua fungu lake kabla mwenye mali hajapata lake. Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika lilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, hatua iliyofuatiwa na ujenzi wa kiwanja kipya hapa jijini Arusha. Mgeni wa namna hiyo hutafuta malazi, usafiri na chakula kwa simu miezi mingi kabla hajakanyaga Arusha.

Ili kuelewa namna ya kuonekana, yafaa kwanza kuelewa namna mitambo ya kutafutia inavyofanya kazi. Ulio mashuhuri zaidi, Google, ulianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, programu maalumu hutambaa mtandaoni kama buibui, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine na kusoma kurasa zinazokutana nazo. Pili, kurasa zilizosomwa huingizwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha neno fulani limo katika kurasa zipi. Tatu, mtu anapouliza swali, mtambo huchambua faharasa hiyo na kupanga majibu kuanzia lile unaloliona kuwa na manufaa zaidi. Tovuti inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na dawa ya kila hatua ni tofauti.

Ndugu wananchi, Terrat ina tatizo lake la pekee, nalo ni jina. Ipo Terrat hii ya Jiji la Arusha, na ipo Terrat nyingine wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, inayojulikana kwa redio ya jamii ya Orkonerei. Mtambo ukiona neno "Terrat" peke yake, hauna njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa. Jirani zetu wa Meru wanayo shida kama hiyo, kwa kuwa kuna Meru ya Tanzania, kuna mji wa Meru nchini Kenya, na kuna Mlima Meru wa visa vya kale vya Bara Hindi. Kwa sababu hiyo, mwenye tovuti wa kata hii asiandike "Terrat" tu na kudhani ameeleweka. Aandike "Terrat, Jiji la Arusha, Tanzania", na ataje pia alama zinazotambulika, kama vile umbali kutoka katikati ya jiji au barabara inayofika kwake. Mgeni aliyepelekwa Simanjiro na simu yake hatarudi kuomba radhi, atalala kwingine.

Jambo la pili ni maneno. Wenye biashara wengi hujieleza kwa maneno wanayoyapenda wenyewe, ilhali mteja hutafuta kwa maneno yake. Mmoja huandika "watoa huduma bora za ukarimu", na mteja anaandika "gesti nzuri Arusha yenye maegesho". Mwingine hujinadi kuwa "mtaalamu wa suluhisho za ujenzi", na mteja anaandika "bei ya tofali za bloku Arusha". Njia rahisi ya kuyajua maneno ya wateja ni kusikiliza maswali wanayouliza kwa simu, kuyaandika katika daftari kwa muda wa mwezi mmoja, kisha kuyajibu katika tovuti kwa maneno yaleyale. Kila swali kubwa lipewe ukurasa wake. Ukurasa mmoja unaojaribu kueleza malazi, shanga, usafiri na kuku kwa pamoja hauwi jibu la swali lolote.

Jambo la tatu ni kichwa cha ukurasa, yaani maneno yanayotokea kwa herufi kubwa katika orodha ya majibu. Tovuti nyingi zina kichwa kinachosema "Nyumbani" au "Karibu", maneno yasiyomwambia mtafutaji lolote. Kichwa kama "Nyumba ya wageni Terrat, Arusha – maegesho na maji ya moto" kinaeleza ni nini, kiko wapi na kina faida gani, na bado hakizidi herufi 60 hivi, kiasi ambacho kwa kawaida huonekana bila kukatwa. Chini ya kichwa huwekwa maelezo mafupi ya sentensi moja au mbili. Maelezo hayo hayaupandishi ukurasa daraja, lakini ndiyo yanayomshawishi mtafutaji abonyeze hapo badala ya jibu la jirani. Kila ukurasa uwe na kichwa chake, na picha nazo ziwekewe maelezo ya maandishi, kwa sababu maelezo hayo huusaidia mtambo kuelewa picha inaonyesha nini, na humsaidia pia msomaji asiyeona.

Jambo la nne ni uzito wa tovuti. Wateja wengi wa Tanzania hutumia simu na bando la kupimwa. Google yenyewe huitathmini tovuti kwa kuangalia zaidi umbo lake la kwenye simu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 4. Picha 20 za namna hiyo katika ukurasa mmoja ni megabaiti 80, mzigo ambao mteja hatausubiri. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, jumla inakuwa megabaiti 4, na macho hayaoni tofauti kubwa. Kipimo kinachopendekezwa na Google ni sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Pamoja na wepesi, tovuti iwe na ulinzi wa mawasiliano, unaotambulika kwa herufi https mwanzoni mwa anwani. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba ulinzi huo ni miongoni mwa mambo inayoyazingatia, na cheti chake hupatikana hata bila malipo.

Jambo la tano ni ushahidi wa wengine. Barazani, mtu hajulikani kuwa mwema kwa kujisifu. Hujulikana kwa kushuhudiwa. Wazo la awali la waanzilishi wa Google lilikuwa hilohilo, kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni ushahidi, na ushahidi wa anayeheshimika una uzito kuliko wa asiyejulikana. Hivyo kikundi cha shanga kinachouza kwa hoteli kiiombe hoteli hiyo ikitaje katika tovuti yake. Mwenye shule aombe kutajwa na chama ambacho shule yake ni mwanachama. Viungo vya kununuliwa ni ushahidi wa uongo. Tangu mwaka 2012 Google imekuwa na mbinu za kuvibaini, na tovuti inayovitumia huweza kushushwa au kuondolewa kabisa katika majibu.

Kwa biashara yenye mahali inapohudumia wateja, ipo pia njia isiyohitaji hata tovuti. Google Business Profile huruhusu mwenye biashara kujiandikisha bure ili aonekane katika Google Maps pamoja na saa za kazi, namba ya simu, picha na maoni ya wateja. Mtambo huomba uthibitisho kwamba biashara ipo kweli na mwombaji ndiye mhusika wake. Hapa ndipo anwani za makazi zilizowekwa katika operesheni ya mwaka 2022 zinapopata matumizi mapya: jina la barabara na namba ya jengo viandikwe kama vilivyo kwenye kibao. Jina la biashara liwe lilelile lililosajiliwa BRELA na lililo katika leseni, na namba ya simu iwe moja kila mahali. Taarifa zinazopingana huutia mtambo shaka, na humtia mteja shaka zaidi. Maoni ya wateja yajibiwe kwa adabu, hata yale machungu. Kuwaomba jamaa wasiopata huduma waandike sifa ni udanganyifu, na unakiuka masharti ya Google.

Ndugu wananchi, penye riziki hapakosi wajanja. Wapo wanaopiga simu wakiahidi kuiweka tovuti katika nafasi ya kwanza kwa malipo ya mara moja. Google imeeleza bayana kwamba hakuna mtu awezaye kutoa hakikisho la namna hiyo, na kwamba kuingizwa katika faharasa hakulipiwi. Matangazo ya kulipia yapo, nayo huwekewa alama ya kuyatambulisha. Lakini kuyalipia hakuipandishi tovuti katika majibu ya kawaida, na malipo yakikoma tangazo nalo hutoweka. Wapo pia mafundi wanaorudia neno moja mara hamsini katika ukurasa, au wanaoficha maneno meupe juu ya mandhari nyeupe. Hila hizo ni za kale, zinatambulika, na anayeadhibiwa ni mwenye tovuti, wakati fundi amekwishalipwa na kuondoka.

Tahadhari kubwa kuliko zote inahusu umiliki. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara au kikundi, wala si la fundi. Majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na husajiliwa kupitia mawakala waliotambuliwa. Mwenye biashara aweza kuchagua.co.tz, na taasisi isiyo ya kibiashara .or.tz. Nywila zote zikabidhiwe kwa maandishi kazi inapokamilika, na tarehe ya kulipia upya iandikwe mahali pa wazi. Sifa ambayo tovuti imeijenga kwa miaka imefungamana na jina lake. Jina likipotea, kazi inaanza upya.

Ipo njia ya kupima hali ya tovuti leo hii, kwa simu iliyo mkononi. Katika kisanduku cha Google liandikwe neno site, nukta pacha, kisha jina la tovuti bila kuacha nafasi, kwa mfano site:jinalabiashara.co.tz. Majibu yatakayotokea ni kurasa zilizomo katika faharasa. Kusipotokea chochote, huenda tovuti ni mpya mno, au fundi alisahau kuondoa zuio aliloliweka wakati wa ujenzi ili programu za kutambaa zisiingie. Swali la kumuuliza fundi ni fupi: je, zuio la faharasa limeondolewa, na ramani ya tovuti imewasilishwa katika Google Search Console? Huduma hiyo ni ya bure, nayo humwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta watu, kurasa zinazoonekana na zile zenye kasoro.

Baada ya hapo, subira. Mabadiliko mengine huonekana baada ya siku chache, na mengine huchukua wiki au miezi. Tovuti ni kama shamba: haipandwi leo ikavunwa kesho, wala haiachwi bila palizi. Bei iliyobadilika isahihishwe, namba ya simu iliyokufa iondolewe, na swali jipya la mteja lipewe jibu. Anayeanza na kichwa kimoja cha ukurasa wiki hii, akapunguza picha wiki ijayo na kuandikisha biashara yake kwenye ramani wiki inayofuata, atakuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi kwa gharama ya bando peke yake. Hapo ndipo mgeni atakapouliza Terrat iko wapi, na simu yake itamleta Arusha.