Ladha Ipi, Mzee Wangu?

Juma lililopita alinijia jirani yangu mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, na mfuko mkononi. Mwanawe anayefanya kazi Uingereza amemletea sigara ya elektroniki pamoja na vichupa vinne vya maji yake: tumbaku, mnanaa, embe na stroberi. Mzee huyu amevuta sigara tangu ujana, kifua sasa kinakoroma usiku kucha, na daktari amemwambia aache. "Mwalimu," akaniuliza, "nianze na ipi?"

Mimi sivuti. Lakini swali la mtu anayetaka kujiokoa halijibiwi kwa kicheko.

Maji yale ni glisirini na propilini glaikoli, vitu vinavyotoa mvuke vikipashwa moto, pamoja na nikotini na ladha. Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna lami ya sigara. Madhara yapo, ila kwa mvutaji wa siku nyingi anayehama kabisa ni machache kuliko ya sigara. Kwa asiyevuta ni hasara tupu.

Nikamwambia asome kwanza namba, ladha baadaye. Sheria ya Uingereza hairuhusu nikotini kuzidi miligramu 20 kwa mililita. Mtu wa pakiti nzima kwa siku, mwenye kifaa kidogo kama chake, akianza na miligramu 3 hatashiba. Jioni utamkuta dukani ananunua sigara.

Alikimbilia kichupa cha tumbaku. Wengi hufanya hivyo, na wengi huvunjika moyo, maana ladha waliyoizoea ni ya jani linaloungua, na humu hamna moto. Wapo wanaofaidika na matunda kwa kuwa hayawakumbushi sigara. Lakini maji matamu mno huacha utando kwenye waya, halafu mtu anaonja pamba iliyoungua na kudhani ameuziwa takataka. Ladha za siagi azikwepe kabisa. Diasetili, kiungo cha harufu ya siagi, hulika bila shida. Lakini mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliokuwa wakivuta mvuke wake walikutwa mapafu yameharibika. Uingereza imekikataza katika maji haya. Vichupa vya uchochoroni nani anavikagua?

Nasi watu wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Karafuu ya Zanzibar ilikwenda kwa wingi Indonesia kutiwa katika sigara za kretek. Mwaka 2009 Marekani ilizipiga marufuku pamoja na sigara nyingine zenye ladha, kwa hoja kwamba utamu huwanasa watoto. Mentoli ikaachwa, na Indonesia ikalalamika katika Shirika la Biashara Duniani na kushinda mwaka 2012.

Hapo nikamwuliza nyumbani yuko na nani. "Na mjukuu, miaka mitatu." Tukafungua kile cha embe, kinanukia juisi hasa. Mililita 10, kila moja miligramu 20: miligramu 200 za nikotini ndani ya kitu kidogo kuliko kidole. Mtoto akikinywa anaweza kufa. Mzee alinyamaza kitambo kirefu.

Amechukua mnanaa. Vingine vitatu kavifungia katika sanduku la spana juu ya kabati. Mwezi ujao anakwenda kwa bintiye Kampala, na huko nimemwonya asibebe hata kimoja, kwani sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuviingiza.