Maji ya Ubongoni na Wazee Wetu Wanaotetemeka

Hotuba kwa waumini na majirani katika maadhimisho ya mandir yetu

 

Kamati ilituomba tuseme machache siku ya leo. Habari za ujenzi na za wafadhili atazieleza Mwenyekiti. Sisi tumechagua kuzungumzia ugonjwa wa kutetemeka, kwa kuwa umo majumbani mwetu, nao hutajwa kwa kunong'ona tu.

Wenye maduka huuona mapema. Mteja wa miaka mingi hutia sahihi katika daftari la mkopo, na mwaka baada ya mwaka sahihi ile hupungua, herufi zikasongamana kama msafara wa sisimizi. Baadaye mkono mmoja hutetemeka ukiwa umetulia mapajani. Hatua hufupika, na uso hupoteza bashasha yake. Watoto husema, "Babu amezeeka." Wengine husema amerogwa. Hivyo mzee hukaa ndani, akiona haya kunywa chai mbele ya wageni.

Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, na leo unaitwa kwa jina lake. Tiba ya Ayurveda ya wahenga wetu wa Bara Hindi inaufahamu kwa jina la kampavata, na miongoni mwa dawa zake zimo mbegu za upupu. Sayansi imethibitisha kwamba mbegu hizo zina levodopa, dawa ile ile iliyomo katika vidonge vya hospitali. Hata hivyo asitoke mtu hapa akasage upupu nyumbani, maana kipimo chake hubadilika toka mbegu hadi mbegu.

Chanzo cha shida ni kufa kwa chembe za sehemu ndogo nyeusi iliyo chini ubongoni. Chembe hizo hutengeneza dopamini, ambayo hurahisisha mwendo wa viungo. Ikipungua, mwili huwa mzito kuutii moyo.

Je, madaktari huyaonaje mambo yaliyofungiwa ndani ya fuvu? Tuchukue mfano wa majaruba yetu. Mfereji wenye kingo imara huyaongoza maji upande mmoja. Kingo zikibomoka, maji husambaa na kutuama ovyo. Mkulima akitazama maji tu, hujua hali ya kingo. Nyuzi za neva nazo huyaongoza maji ya ubongo, nayo husogea kwa wepesi kufuata nyuzi kuliko kuzikatiza. Mashine ya MRI, itumiayo sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, huweza kupima msogeo huo mdogo. Mwaka 1994 wataalamu Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan walichapisha njia ya kukokotoa mwelekeo wake. Mwaka 2019 yakatolewa matokeo ya picha za watu 1,002 kutoka vituo 17 vya Austria, Ujerumani na Marekani. Kwa kutazama maji yaliyotuama, kompyuta ilisaidia kuutenga ugonjwa wa Parkinson na magonjwa mawili yanayofanana nao. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu mawili hayo huenda mbio zaidi na husaidiwa kidogo tu na levodopa.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba bila mashine hiyo hakuna la kufanya. Jirani zetu wa Wilaya ya Hai wametupa somo. Watafiti, wakiwemo madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker, walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33. Wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walipatikana kwa maswali ya mlangoni, kisha kwa daktari kuwapima kwa macho na mikono: gonganisha vidole, simama, tembea, geuka. Mwaka 2011 Gerry Mshana na wenzake wakaandika jinsi wagonjwa hao na jamaa zao walivyouelewa ugonjwa, na jinsi dawa ilivyokuwa ngumu kupatikana.

Basi kingo za mfereji zinabomoka humu humu mtaani mwetu, na mtu wa kwanza kuziona ni yule alalaye nyumba moja na mgonjwa.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila nyumba imtazame mzee wake: mkono, hatua, mwandiko, sauti inayofifia. Pili, mwenye dalili apelekwe kwa daktari, na ikihitajika aelekezwe hadi Hospitali ya KCMC; asiachwe kwa hoja ya uzee. Tatu, aliyeanza dawa asiikatize. Levodopa haiponyi ugonjwa wala haiwafufui chembe waliokufa, lakini humrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake. Huliwa kila siku kwa saa zake, na kuiacha ghafla ni hatari.

Hapa ndipo fedha inapoingia, nasi wafanyabiashara tusijifiche. Vidonge vya mwezi mmoja si kitu kwa mwenye duka, lakini kwa mkulima wa jaruba moja ni mzigo. Tunapendekeza mfuko wa misaada wa mandir utenge fungu la nauli na dawa kwa wazee wanaotetemeka, bila kuuliza dini wala kabila. Sisi tutatangulia kuchangia. Seva ni utumishi, na utumishi huanza kwa jirani.

 Mungu awape wazee wetu mikono mitulivu, na atupe sisi macho ya kuwaona.

Namaste.