Kibanda cha Wenye Baiskeli: Paa la Mvua Si Kinga ya Radi

Leo tutazungumza juu ya mtu wa nyumbani kwako anayetoka alfajiri na baiskeli.

Labda ni mwanao. Labda ni baba watoto. Amefunga mikungu ya ndizi kwenye keria, ameelekea Oyugis, Sondu au soko jingine la mbali. Asubuhi anateremka. Jioni anapanda. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko karibu mita 1,130. Kwa hiyo anayerudi kutoka upande wa ziwa ana mlima mkubwa mbele yake, na mara nyingi ataushuka baiskeli na kuisukuma.

Sasa, mama, wewe unajua mvua yetu. Asubuhi kuna jua zuri. Ikifika saa nane au saa tisa mchana, mawingu meusi yamejaa. Upepo wenye unyevu kutoka ziwani unakutana na upepo wa mashariki, unapanda juu ya milima yetu, na hapo ngurumo zinaanza. Ndiyo maana sehemu zetu hupigwa na radi mara nyingi.

Swali langu ni hili: mvua hiyo ikimkuta njiani, mtu wako anajificha wapi? Wengi hujificha chini ya mkaratusi. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu radi hupenda kupiga kitu kirefu, kisha huruka kutoka kwenye shina na kumpata aliyesimama karibu.

Katika vijiji vingi watu wamejenga vibanda vya kupumzikia kando ya barabara. Hilo ni jambo jema. Kama kikundi chenu cha akina mama kinafikiria kujenga kimoja, au kuwaomba viongozi wa wadi wajenge, sikilizeni mambo haya matano.

Jambo la kwanza ni mahali. Msijenge kileleni kabisa, wala chini ya mti mrefu. Tafuteni sehemu tambarare chini kidogo ya kilele, mbali na kona, ili magari yawaone wanaosimama. Na hili ni la muhimu kuliko yote: kibanda kiwe karibu na jengo kubwa la kudumu. Nitaeleza sababu baada ya muda mfupi.

La pili ni paa na kiti. Paa la mabati lizidi ukuta au nguzo kwa nusu mita hivi, maana mvua yetu huja na upepo. Nguzo zisimame juu ya mawe na saruji, zisizikwe kwenye udongo, la sivyo mchwa na unyevu vitazila. Sakafu iinuliwe. Benchi liwe la urefu wa goti. Baiskeli nayo ipate nafasi chini ya paa. Mwenye mzigo hawezi kupumzika ndani huku ndizi zake ziko nje hazionekani.

La tatu ni maji. Anayesukuma mzigo mlimani hutoka jasho jingi, na asipokunywa maji atashikwa na kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Paa lenyewe litawapa maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita 3 kwa mita 4, siku ya mvua ya milimita 20, laweza kutoa hadi lita 240. Wekeni gata na tangi lenye mfuniko, na wavu mahali maji yanapoingilia ili mbu wasizaliane humo. Maji ya paa ni ya kunawa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwanza.

La nne ni choo. Bila choo, watu wataingia kwenye shamba la chai la jirani, na uchafu utateremka hadi kwenye chemchemi mnayochotea watoto maji. Chimbeni choo cha shimo mbali na chemchemi na upande wa chini yake. Wekeni maji na sabuni ya kunawa.

La tano ni utunzaji. Kibanda kisicho na mwenyewe huharibika. Mabati huibwa, tangi hupasuka. Mruhusuni mama mmoja au wawili wauze uji, ndizi za kuchemsha na chai hapo, nao wafagie na kufunga mfereji wa tangi. Wenye baiskeli na wa pikipiki wachange kidogo kila wiki kwa matengenezo.

Sasa nirudi kwa lile la jengo la kudumu. Mama, sikiliza vizuri. Kibanda kilicho wazi pembeni kinakinga jua na mvua. Hakikingi radi. Hata jengo lenye kuta laweza kuwa hatari kama halina kinga. Mwezi wa Juni 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi ya Runyanya. Kwa hiyo radi ikianza, kibanda si mahali pa kubaki. Watu waende kwenye jengo kubwa lililowekewa waya wa kukinga radi, au waingie ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Waya huo ufungwe na fundi anayeijua kazi hiyo. Andikeni ukutani kwa herufi kubwa: NGURUMO IKISIKIKA, INGIA NDANI YA JENGO.

Mfundishe mtu wako hivi. Ukisikia ngurumo, radi tayari yaweza kukufikia. Usingoje mvua ianze. Iache baiskeli, usiishike wala kuiegemea. Ondoka chini ya mti, ondoka kwenye ua wa seng'enge. Mkiwa wengi, msisongamane. Ukiwa ndani, ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo uendelee na safari.

Na mtu akipigwa na radi? Wako wanaoogopa kumgusa, wakisema ni laana au bado ana umeme mwilini. Si kweli. Mwili wake hauna umeme. Mguse upesi. Mwondoeni mahali pa hatari na mpigie simu 999 au 112. Kama hapumui, weka viganja vyako katikati ya kifua chake, kimoja juu ya kingine, usukume kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita 5. Msiache mpaka apumue au msaada ufike. Baadhi ya wanaoanguka kwa radi moyo umesimama tu, na mikono ya jirani yaweza kuwarudisha.

Leo jioni, kabla ya kulala, muulize mwenye baiskeli nyumbani kwako swali moja: katika barabara yako, ngurumo ikianza, utaingia jengo lipi? Ataje la kwenda na la kurudi. Kama kuna kipande kirefu kisicho na jengo, basi hapo apite asubuhi, asipite alasiri. Na kikundi chenu kikikutana, anzeni na kipande hicho.