Wimbo Unapotusema, Tuusikilize

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Shume, Lushoto)



Nimeombwa nizungumzie muziki wa kufokafoka, ambao vijana huuita hip hop. Najua wamo miongoni mwetu wanaouhesabu kuwa ni uhuni na kasumba ya kigeni. Naomba tuutazame kwa haki.

Muziki huu ulizaliwa mwaka 1973 huko Bronx, mjini New York, miongoni mwa vijana weusi na wenzao wa asili ya visiwa vya Karibi, katika mitaa ya mafukara. Mabepari hawakuuanzisha; waliukuta, wakaugeuza bidhaa. Leo umepata heshima duniani, hata dansi yake ilishindaniwa katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Hata hivyo, nyimbo nyingi zinazouzwa sana husifu dhahabu na magari.

Kwetu ulianza kwa kuiga. Vijana walikariri Kiingereza wasichokielewa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alipotia Kiswahili katika midundo ya Kimarekani. Hapo ndipo mwananchi alipoanza kuelewa kinachosemwa.

Mkoa wetu wa Tanga nao ulitoa Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Jina hilo halikuazimwa New York. Miaka ya 2000 ilipoanza, vijana hao walifoka kwa lafudhi ya kwao. Katika "Tanga Kunani" waliuliza kilichousibu mkoa wao. Katika "Wauguzi" waliwasema wahudumu wanaowanyanyasa wagonjwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mtihani wetu. Mtumishi anayeusikia wimbo kama huo hukasirika upesi. Lakini mama aliyeteremka milima hii na mtoto mgonjwa, akapokewa kwa karipio, aliujua ukweli huo kabla haujaimbwa. Msanii hakuubuni; aliutamka tu.

Leo nyimbo za namna hiyo zimezidiwa na nyimbo za mapenzi na starehe. Tusiwalaumu vijana peke yao. Sisi wa Chama huwaita wasanii majukwaani watusifu. Anayetukosoa twamwita mkorofi. Tukimlipa msifuji na kumkemea msema kweli, tutapata wasifuji. Na katika ahadi za mwanachama wetu imo ahadi ya kusema kweli daima.

Walimu, ninyi mna nafasi kubwa kuliko sisi waandishi. Kijana wa Shume akiandika mashairi ya kufoka juu ya kabichi zilizooza kwa ubovu wa barabara wakati wa masika, au juu ya mlanguzi anayempangia baba yake bei ya viazi, msimnyang'anye daftari. Msahihisheni Kiswahili chake, mhojini kama ana hakika na asemayo, kisha mwacheni aseme. Akikosea, tumjibu kwa hoja. Akisema kweli, jibu letu liwe ni kuitengeneza barabara.