Tuwatunze Wanaojitolea

Hotuba kwa waratibu wa watazamaji wa uchaguzi



Mwaka 1997 Baraza la Kitaifa la Makanisa, Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia ziliungana, zikatuma zaidi ya raia 20,000 kuutazama uchaguzi mkuu. Kuwapata watu wa kujitolea, basi, si shida yetu. Shida ni namna tunavyowatunza.

Tuitazame kazi yenyewe. Kituo cha kupigia kura hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kisha huanza kuhesabu, pengine hata usiku wa manane. Mtazamaji hawezi kuondoka, kwa maana matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 2017 katika kesi ya Maina Kiai. Takwimu anazozinakili kutoka Fomu 34A, macho mazito na tumbo tupu, ndizo ushahidi wetu.

Wako viongozi wa kamati wasemao kwamba kujitolea ni kujitolea, na anayedai nauli hana wito. (Aghalabu wao huja kwa gari.) Sisi twakataa. Nauli, chakula na kadi ya simu si mshahara. Ni gharama za kazi tuliyomtuma. Tukimnyima, mwanasiasa hatakosa chai ya kumpa.

Apewe pia maagizo kwa maandishi: asibishane na msimamizi wa kituo, aandike tu. Na awe na mratibu mmoja wa kumpigia simu, si watano.

Tena kuna jambo ambalo sisi mawakili hatuwezi kulinyamazia. Kabla hajaondoka nyumbani, awe na nambari ya wakili aliyekubali kuamshwa usiku. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 champa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24. Haki hiyo yamfaa nini kijana wa Marsabit asiyemjua wakili hata mmoja?

Uchaguzi ukiisha, waiteni tena katika ukumbi uleule mliowafunzia. Wasomeeni taarifa iliyotokana na karatasi zao, wasikilizeni waliotishwa. Wengi hawarudi mara ya pili, si kwa uchovu, bali kwa kuwa hakuna aliyewaambia karatasi zile zilikwenda wapi. Siku ya mkutano huo ipangwe sasa, pamoja na fedha zake, kabla ya Agosti 2027.