Bomba Limepasuka, Nimpigie Nani?

Msikilizaji, tega ndoo ya lita 20 penye bomba lililopasuka. Ikijaa kwa dakika 10, basi kwa siku moja zinamwagika ndoo 144, karibu uniti 3 za maji. Nasi tunaruka tope, tunaendelea na safari.

Fundi hawezi kuwa kila mtaa. Wanaoyaona maji hayo kwanza ni bodaboda, mama lishe, na mtoto anayewahi shule. Lakini wamwambie nani? Mpanda mjini maji yako chini ya mamlaka ya maji ya mji, MUWASA. Ukifika Litapunga, upande wa Nsimbo, maji ya vijijini ni ya wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mpita njia haujui mpaka huo, wala hapaswi kuulizwa. Yeyote anayepokea simu aichukue taarifa na kuifikisha.

Mdhibiti wa huduma za maji, EWURA, anataka upotevu wa maji usizidi asilimia 20, na mamlaka nyingi nchini bado ziko juu ya hapo. Ila kinachonitia hofu zaidi ni afya. Wakati wa mgao, bomba likibaki tupu, tundu lilelile lililokuwa likimwaga hunyonya maji machafu ya mtaroni. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia kwenye mtungi wa mtu.

Namba ya simu ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kisimani na kijiweni. Na aliyetoa taarifa apigiwe, aambiwe bomba limezibwa. Mtu akipiga mara mbili asimwone fundi, mara ya tatu hapigi.