Mtoto Mwenye Kifafa Anapokwenda Chuo Kikuu

Ndugu wanakijiji, mtoto akipata nafasi ya chuo kikuu tunahangaikia sanduku, godoro na ndoo. Na dawa je? Leo tunasema na wazazi wa mtoto mwenye kifafa.

Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ikikatwa, kifafa chaweza kumwangusha mara kwa mara bila kuzinduka, na hapo anaweza kufa.

Basi, kabla ya safari nendeni naye kliniki anakotibiwa. Mwombeni mganga barua inayosema jina la dawa, kiasi, saa za kumeza, na alianza lini. Ombeni na vidonge vya mwezi mzima. Avishike mkononi, visiwekwe kwenye buti la basi! Akifika, wiki ile ile aende kujiandikisha kwa waganga wa chuo, barua mkononi. Pale Mlimani, Dar es Salaam, chuo kina kituo chake cha afya. Asingoje vidonge viishe.

Na ugonjwa tusiufiche, jamani. Mwenzake wa chumbani ajue: akianguka amlaze kwa ubavu, asimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, apelekwe hospitali.